Msitupe injini ya kwanza ya gari la zamani, na fundi akitaka kugonga namba mkatalieni (kisa cha Datsun 240Z ya marehemu baba mdogo, Dodoma)

Mtoto wa Hombolo #1

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Hili jambo nimekaa nalo tangu mwaka jana, nikasema lazima nilianzishie uzi maana najua humu kuna watu magari ya wazee wao yako juu ya mawe uani, Peugeot 404, 504, Alfa, Volvo, Datsun, na kila siku vijana wa vyuma chakavu wanapita na mkokoteni wanauliza kama kuna chochote. Kabla hujawapa chochote soma kwanza hapa mpaka mwisho.

Baba mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na Datsun 240Z ya mwaka 1972. Sizungumzii 120Y wala pikapu, ni ile ya milango miwili, boneti ndefu, ile iliyobeba mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, tena nafasi ya pili mwaka huo ilikuwa Z nyingine ya Shekhar Mehta. Alafu 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews akachukua mwenyewe, wakiwa wamelingana pointi kabisa na Harry Källström ambaye naye alikuwa na Datsun. Sasa niweke wazi mapema, gari la baba mdogo halijawahi kukimbia Safari. Lilikuwa gari la mtu binafsi. Alilinunua mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa Mhindi mmoja mfanyabiashara hapa mjini ambaye alikuwa anahamia Kanada na familia yake, na aliyekulia Area C miaka ile nadhani analikumbuka, rangi ya chungwa, mlio wake ulikuwa unajulikana hata kabla halijakata kona.

Miaka ya 90 akiwa anatoka Morogoro pampu ya maji ikafa akiwa hajafika Kibaigwa. Mshale wa temprecha ukapanda, yeye akajikaza afike mahali penye watu, na alipofika hedi ilishapinda na silinda mbili zimekwaruzika. Spea za L24, ndo injini yake ya kiwandani, kipindi kile zilikuwa shida. Fundi akampatia L28 iliyotoka kwenye Cedric iliyopata ajali, ikaingia vizuri tu kwa sababu ni familia moja ya injini, na gari likatembea miaka mingine mingi. Ile injini ya kwanza ikapelekwa kijijini Hombolo, na huko mama mdogo akawa anaitumia kuzuia mlango wa banda la mbuzi usifunguke usiku. Hivo ndo ilivyokaa, zaidi ya miaka 20.

Baba mdogo alifariki 2019. Mwaka jana dada zangu wakakubaliana gari liuzwe maana lilikuwa linaoza gereji bila mtu wa kulitunza. Mi nikajitolea kutafuta mnunuzi. Kupitia rafiki nikapata mawasiliano ya jamaa mmoja Uingereza anayepeleka magari ya zamani kwenye minada ya huko, nikamtumia picha za gari zima, nimeliosha, tairi nimezipaka dawa zinang'aa. Akajibu kwa adabu kabisa kwamba picha ni nzuri ila sizo anazozitaka. Anataka picha ya chesisi namba, picha ya injini namba, picha ya kibati cha kiwandani, na karatasi za wenye gari kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Bei hata hakuigusa.

Kwa wasiolijua, 240Z za usukani wa kulia chesisi yake inaanza na HS30, imegongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Alafu kuna kibati kimepigwa ribiti ndani ya boneti, kimeandikwa namba ya gari na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Na injini yenyewe namba imegongwa ubavuni mwa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, upande wa kulia, huku nyuma, chini kidogo ya pale hedi inapokaa, inaanza na L24. Hivi vitu vitatu vikisema neno moja ndo wanasema namba zinaendana. Sisi kibati kilisema L24 na injini iliyomo ikasema L28.

Nikaenda gereji moja hapa mjini, siitaji. Fundi mkuu akaangalia akaniambia kaka hii kazi ya nusu siku, tunasaga pale penye namba kwa grainda, tunagonga L24 na namba zile zile za kwenye kibati, tunapaka rangi, tunaimwagia vumbi na oili chafu kidogo, mzungu anajuaje. Akataja hela ndogo tu. Wakuu nisiwadanganye, sikukataa palepale. Nilimwambia nitarudi. Dada zangu wana ada za watoto, na tofauti ya bei inayozungumzwa hapo siyo ya mchezo. Usiku sikulala nikawa nasoma, na nilichokisoma ndo kilichonifanya nisirudi.

Kwanza, inajulikana. Injini haina namba moja tu ya kugongwa. Bloku inapomwagwa kiwandani inatoka na herufi zake zimenyanyuka kwenye chuma chenyewe, L28 nyingi zina N42 au F54 ubavuni, na hizo huwezi kuzifanya chochote zaidi ya kuzisaga ziache kovu. Alafu kuna vipimo, L24 silinda yake ni milimita 83 na mwendo wa pistoni 73.7, L28 ni 86 kwa 79. Mtu anatoa plagi anapima, mchezo umeisha, hana haja hata ya kuangalia namba.

Wenzetu wanaocheza na magari ya bei kubwa wana macho makali kuliko hapo. Chukua Corvette za Marekani, pale namba inapogongwa pamepitiwa na mashine kiwandani ikaacha mistari myembamba imelala sambamba, kama udongo uliopitishwa kitana. Ukisaga ili ugonge upya mistari inaondoka na wakaguzi wanaanza na hiyo mistari kabla ya namba. Wanaangalia na tarehe iliyomwagwa pamoja na bloku, ikiwa bloku imezaliwa baada ya gari kutoka kiwandani basi uongo umejianika wenyewe. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 zilitengenezwa 1,580 tu, na kwa kuwa umbo lake linafanana na 911 za kawaida watu wamejenga za bandia nyingi, kwahiyo mkaguzi anataka aone injini ni aina ya 911/83 na namba zake ziko kwenye mfululizo wake. Ferrari wenyewe tangu 2006 wana kitengo cha kukagua magari yao ya zamani, chesisi, injini, giaboksi, wanalinganisha na kumbukumbu za kiwandani. Jaguar nao kumbukumbu zao zipo, unaandikiwa cheti kinachosema gari hili lilitoka na injini namba fulani, bodi namba fulani, giaboksi namba fulani. Sasa mimi na grainda ya mjini nashindana na watu wa hivyo?

Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi. Nilifungua faili la baba mdogo, lile faili la kijani la kamba. Kuna risiti ya Mhindi imeandikwa kwa mkono. Kuna kadi ya gari ya zamani inasoma injini L24 na namba yake. Kuna kadi ya baadae, inasoma L28. Yaani mzee alipobadilisha injini alienda akatoa taarifa, kadi ikarekebishwa, na karatasi ya fundi aliyefunga ipo na tarehe. Mtu mwaminifu kiasi hicho. Mimi ningegonga namba, karatasi za baba mdogo mwenyewe zingetuumbua mbele ya mnunuzi, na kila kitu kingine cha kweli kwenye lile gari kingeonekana uongo.

Mliowahi kununua ng'ombe Msalato siku ya mnada mnaelewa. Unaangalia mnyama, unaangalia chapa, unaangalia kibali kimetoka kijiji gani. Chapa ikiwa imechomwa juu ya chapa, hata dume awe mnene vipi unarudi nyuma hatua mbili. Huulizi tena bei.

Ndo nikakumbuka ile injini ya kwenye banda la mbuzi. Nikampigia mama mdogo, nikamuuliza kama bado ipo. Akaniambia ipo, wa vyuma chakavu walishakuja mara mbili na mara ya pili walipandisha bei, akawafukuza, kwa sababu baba yako mdogo alisema hiyo ndo injini yenye jina la gari. Niliishiwa maneno.

Jumamosi nikaenda Hombolo na dada mkubwa. Bloku ilikuwa imelala ubavu, imegandiana na samadi na udongo, hedi yake ipo pembeni chini ya mabati, imeandikwa E88. Hatukutumia brashi ya waya pale penye namba, tulimwagia mafuta ya taa tukaacha saa nzima, tukasugua na mswaki wa zamani pole pole. Chuma kikaanza kuonekana cheusi lakini namba hazisomeki. Binti wa shule akaleta kipande cha chaki, nikapaka juu nikafuta kwa kiganja, unga mweupe ukabaki kwenye mashimo. L24. Alafu tarakimu moja moja. Dada alikuwa ameshika picha ya kibati kwenye simu ananisomea, mimi nafuata kwa kidole kwenye bloku. Tulipofika ya mwisho ikawa ile ile, dada akakaa chini kwenye kigogo akaanza kulia na mama mdogo akamshika bega. Hata mimi.

Kwahiyo ninachowaomba ni hiki, usitupe injini ya kwanza hata kama imekufa, tunza kila karatasi hata yenye mafuta, na usikubali mtu agonge namba. Maswali karibuni, nitajibu ninachokijua.

Binti Kondoa #2

Mbukwenyi mkuu. Pole kwa msiba wa baba mdogo ingawa ni wa siku nyingi. Mi sio mtu wa magari sana ila nimesoma yote. Swali langu, huku kwetu injini tunabadilisha kila siku, hiace zote za stendi zina injini ya tatu ya nne, kwanini kwa hawa wenzetu inakuwa jambo kubwa hivo? Si gari ni lile lile?

Mtoto wa Hombolo #3

Ahsante dada. Swali zuri sana. Hiace unanunua ikubebee abiria, kwahiyo injini ni kama viatu, vimeisha unavaa vingine. Hapa mtu ananunua kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena. Ferrari 250 GTO zipo 36 tu duniani, moja iliuzwa mnadani California mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Sasa fikiria, ukiondoa injini ukaweka nyingine, ukabadilisha na bodi, ukabadilisha na chesisi, umebakiza nini cha 1962? Jina tu. Mtu hawezi kulipa hela hiyo kwa jina, anataka chuma kile kile kilichokuwepo, na anataka ajue lilikuwa kwa nani mwaka gani, liligongwa wapi, lilirekebishwa na nani. Ndo maana ile Mercedes 300 SLR coupe, ya mhandisi wao Uhlenhaut, mwaka 2022 ilienda kwa euro milioni 135, tangu 1955 ilikuwa mikononi mwa kiwanda chenyewe. Ukoo wake hauna pengo hata la siku moja.

Ngosha wa Spea #4

Mkuu hongera kwa uzi ila mi napingana na wewe. Nauza spea mwaka wa kumi na tano huu. Injini ni spea kama spea nyingine. Hata kiwandani wenyewe zamani walikuwa wanabadilisha injini kwa gwarantii, na magari ya mashindano ndo usiseme, injini inatoka kila wiki. Kwahiyo hao wanaosema lazima iwe ile ile ya kwanza wanajidanganya, na wewe umewaogopa bure. Gari la baba yako mdogo na L28 ni gari bora zaidi kwa kuendesha, nguvu zaidi, spea zaidi. Uza kama lilivyo.

Mtoto wa Hombolo #5

Ngosha kaka, mbona hapo hatupingani. Sijasema L28 ni mbaya, L28 ndo ilimbeba baba mdogo miaka yote ile na nina heshima nayo. Na kuuza kama lilivyo ndo tunachofanya, gari na L28 yake, na bloku ya L24 pembeni inasafiri nayo. Kwenye katalogi za mnada utaona wanaandika kabisa kwamba injini iliyomo si ya kwanza, na ya kwanza inaambatana na gari. Mnunuzi anachagua mwenyewe kama atairudisha au ataiweka kwenye stendi. Ninachokataa ni kuivalisha L28 jina la marehemu mwenzake. Injini iliyobadilishwa ikasemwa siyo dhambi, iliyobadilishwa ikafichwa ndo wizi.

Wakili wa Kikuyu #6

Wadau, ongezeni hii maana imewahi kufika mahakamani. Kuna Bentley moja ya Speed Six inaitwa Old Number One, ilishinda mbio za Le Mans kule Ufaransa 1929 na 1930 mfululizo. Baada ya hapo ilibadilishwa sana, ikawekwa injini ya lita 8, 1932 ikapata ajali kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands Uingereza na dereva akafariki, ikajengwa upya ikavalishwa bodi nyingine. Miaka ikapita. Baadae mwenye gari akakubaliana na kampuni moja waliuze kwa pauni milioni 10, kampuni ikaja kugoma ikisema hili sio lile gari, vya 1929 vilivyobaki ni vichache mno. Wakaenda Mahakama Kuu London, hukumu ikatoka 1990. Jaji Otton akasema gari halijabaki kama lilivyotoka kiwandani, ni kweli, lakini ndilo lenyewe Old Number One, kwa sababu halikuwahi kuvunjwa likaisha kisha likazaliwa lingine, historia yake imekwenda mfululizo bila kukatika na hakuna gari lingine linalodai jina hilo. Kampuni ikashindwa.

Mnaona kilichombeba muuzaji hapo ni historia, siyo injini. Kwahiyo Mtoto wa Hombolo lile faili la kijani linaweza kuwa na uzito kuliko hata ile bloku. Kalipige skani lote leo.

Mtoto wa Hombolo #7

Mheshimiwa umenipa nguvu. Faili nimeshalipiga skani, karatasi 41, na halisi zimewekwa benki. Nakubaliana na wewe kwamba historia inatangulia, ila naona kwetu sisi vyote viwili vimeshikana. Bila karatasi bloku ni chuma chakavu chenye namba. Bila bloku karatasi zinasimulia kitu ambacho hakipo.

Na historia ikiwa na pengo hata gari liwe zuri vipi linaleta balaa. Ile Ferrari 375 Plus ya 1954 iliuzwa mnadani Goodwood, Uingereza, mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 10, gari la kweli, ila huko nyuma lilishawahi kuibwa Marekani likapelekwa Ubelgiji, na baada ya mnada ugomvi wa nani mmiliki ukaendelea mahakamani London. Fikiria umelipa hela yote hiyo alafu unashinda na mawakili badala ya kuendesha.

Mzee wa Gia Nne #8

Wanangu, marahaba. Nimefurahi kuona kijana anaandika hivi. Mimi nimestaafu udereva, naishi Nkuhungu. Z nilizowahi kuziona kwa macho hazizidi tatu nchi nzima. Sisi enzi hizo Safari ilikuwa ni mbio za Afrika Mashariki yote, ilianza 1953 ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na redio ilikuwa haizimwi Pasaka nzima. Gari lililotoka salama kwenye barabara zile lilikuwa linaheshimiwa kama mtu.

Ushauri wangu kwako mwanangu ni mmoja. Usipige rangi. Najua utashawishika. Hiyo rangi ya chungwa hata kama imefifia na ina mikwaruzo, kama ni ya kiwandani iache. Bahati nzuri Dodoma ni kukavu, bati halijaliwa kama magari ya Dar yanavyoliwa na chumvi ya bahari. Mwambie huyo wa Uingereza aangalie chini ya milango na pale betri inapokaa, Z huwa zinaoza hapo.

Mtoto wa Hombolo #9

Shikamoo mzee wangu. Umenisoma moyo maana dada mdogo alitaka tulipige rangi nyekundu. Nikamuonyesha habari za Ufaransa mwaka 2015, familia ya Baillon, magari karibu 60 yalikaa mabandani miaka na miaka, kulikuwa na Ferrari 250 California imefunikwa na marundo ya magazeti. Waliyapeleka mnadani Paris na vumbi lake, hawakuyaosha, ile Ferrari peke yake ikaenda kwa euro milioni 16.3. Vumbi lenyewe lilikuwa ushahidi kwamba hakuna aliyechezea. Tangu siku hiyo dada hajataja rangi tena. Na ile dawa ya tairi niliyopaka mimi mwanzoni nimeifuta yote. Chini ya milango tumekagua mzee, kuna kutu kidogo upande wa abiria, nimepiga picha nimemtumia pia. Pale pa betri pazima.

T504 #10

Naomba kuuliza bei jamani hatujaambiwa. Z inaenda shilingi ngapi?

Mtoto wa Hombolo #11

Mkuu bei ya letu sitaji mpaka liuzwe, mali ni ya dada zangu na mama mdogo. Ila nikupe mwanga, Januari 2020 kuna 240Z ya 1971 iliuzwa mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Usichanganyikiwe, hilo lilikuwa limetunzwa vizuri mno tangu zamani, kila kitu chake. Magari mengi ya aina hii yanaenda chini kabisa ya hapo, na letu lenye injini mbili na kutu kidogo halimo kwenye hesabu hizo hata kidogo. Na kama unataka kuona magari ya Japani siyo ya kudharau, Toyota 2000GT, yale yametengenezwa 351 tu, moja iliyowahi kukimbizwa na timu ya Carroll Shelby, Mmarekani maarufu wa mbio za magari, iliuzwa Florida 2022 kwa dola 2,535,000. Gari lile lile bila hiyo karatasi ya Shelby lisingefika huko.

Fundi Mkweli Chang'ombe #12

Mimi ni fundi, na niwaombe radhi kwa niaba ya wenzangu wanaogonga namba, wapo na wanajulikana. Mkumbuke pia kuwa injini namba ya kughushi siyo suala la mzungu tu, polisi wakikagua gari na namba imesagwa unaweza kulala ndani ukaelezee gari la wizi wakati ni la marehemu baba yako.

Mtoto wa Hombolo kwa hiyo bloku, isikae kwenye ardhi tena hata siku moja. Iweke kwenye mbao. Silinda zimwagie oili, funika na nailoni ila acha hewa kidogo isitoe jasho. Kwenye namba paka grisi nyepesi, usipake rangi. Na mtu yeyote akikwambia aichonge au aisawazishe uso kwa mashine kabla haijauzwa mkatalie, mwenye gari mpya ndo aamue. Hizo krenki na pistoni zake bado zipo?

Mtoto wa Hombolo #13

Fundi ubarikiwe. Krenki ipo ndani, haizunguki, pistoni tatu zimegoma kabisa. Kabureta zile mbili hazionekani, nadhani ziliuzwa zamani, hilo nimeliandika pia kwenye maelezo. Oili nimemwagia kesho yake baada ya kusoma sehemu, na iko juu ya mbao za mninga nyumbani kwa dada hapa Ihumwa.

Binti Kondoa #14

Kwahiyo mkuu yule wa Uingereza alisemaje baada ya kumtumia picha ya bloku?

Mtoto wa Hombolo #15

Nilimtumia picha sita. Bloku yote, namba ikiwa na chaki, kibati, chesisi, kadi mbili za gari nimezilaza pamoja mezani, na ya mwisho mama mdogo amesimama pembeni ya banda pale injini ilipokuwa. Nikamueleza kila kitu, pampu ya maji, Kibaigwa, Cedric, mbuzi. Alikaa siku mbili kimya nikajua amekimbia. Siku ya tatu akajibu kwamba ile picha ya mama mdogo anaomba ruhusa yake iingie kwenye katalogi, pamoja na jina la kijiji. Akasema kuna magari mengi yana cheti, ila machache yana mtu aliyelinda injini kwa miaka 20 kwa sababu aliambiwa.

Nilimtafsiria mama mdogo neno kwa neno. Akauliza gari litapanda meli lini, nikamwambia mwezi wa tatu Mungu akipenda, taratibu za kulitoa nchini bado zinaendelea. Akasema sawa picha waichukue, ila kabla bloku haijaenda bandarini nimletee kitu kingine kizito cha kuzuia ule mlango, maana tangu tuichukue anafunga kwa kamba na fisi wamesharudi mara moja. Leo asubuhi nimempelekea rimu ya lori nimeijaza zege. Ameisukuma kwa mguu akaona haitikisiki, akaniambia nikae nile.